Doa jeupe katikati ya picha za infraredi

Pole ndugu, umeuliza kwa nini picha zako za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) zina doa jeupe katikati, na kama ubadilishiwe kamera ipige infraredi moja kwa moja. Hilo doa usiilaumu filta yako ya Hoya R72, ile inayopitisha infraredi tu, hata fundi akibadilisha kioo cha mbele ya sensa kinachozuia infraredi litabaki maana linatoka kwenye lenzi, mwanga wa infraredi unadundadunda mule kati ya vioo vyake. Mimi lenzi ya Canon 50mm f/1.8 II ilinitesa, kwenye f/16 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu la lenzi ni dogo) duara jeupe limekaa kabisa juu ya majani ya mwembe, nikifungua mpaka f/5.6 linafifia. Kabla hujatoa hela ya kubadilisha kamera piga picha ya infraredi ya ukuta mmoja kwa lenzi zako zote, f/4 hadi f/16, halafu linganisha. Kubadilisha kamera kutakupa spidi ya kupiga, picha haihitaji muda mrefu wa mwanga, unapiga bila stendi. Ila usifungue kamera mwenyewe tafadhali, kapasita ya flashi (kifaa kinachohifadhi umeme) inapiga shoti mbaya, mpelekee fundi wa kamera.