Fungua Kasha Kabla Hujashika Njia ya Luthuli

Wewe uliyeingia juzi kwenye kazi ya kutengeneza kompyuta, jiandae: atakuja mteja na deskitopu kuukuu ya Dell OptiPlex 7010, au HP ya rika lake, zile zilizoletwa zikiwa zimeshatumika ng'ambo na sasa zinalisha saiba nyingi za Nairobi. Atakwambia, "Fundi, hii mpaka iwake nimemaliza chai. Niwekee SSD." SSD ni diski ya chipu inayochukua kazi ya hadidiski. Usikimbilie Luthuli Avenue, mtaa wa Nairobi wenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Shika bisibisi kwanza.

Mimi sikushika. Muuzaji alinionyesha boksi la NVMe, aina mpya ya SSD yenye kasi, limeandikwa megabaiti 3,500 kwa sekunde, nikaidharau ile ya SATA, aina ya zamani inayochomekwa kwa kebo, yenye 550. Kumbe mashine ya mteja wangu, mama mwenye saiba, ilikuwa Core i5 ya kizazi cha tatu, haina hata tundu la M.2, lile jembamba ambamo SSD ya NVMe huchomekwa. Nikapanda matatu tena kwenda kutafuta adapta ya PCIe, kadi ya kuibebea SSD hiyo kwenye tundu jingine la mashine. Windows 10 ikaiona SSD vizuri kama mahali pa kuweka faili, lakini kuiwashia mashine hapo, BIOS, programu ya ndani inayoanza kabla ya Windows, ikakana katakata. BIOS za umri ule hazikufundishwa NVMe. Upo ujanja wa kuwashia kupitia flashi, ila saiba si mahali pa flashi isiyotakiwa kuchomolewa. Siku hiyo nilipoteza nauli mara mbili, na mama akaacha kuniita fundi, akaanza kuniita kijana.

Kwa mashine za rika hilo, nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5 na uache tamaa. Ukishafungua kasha, soma maandishi kwenye madabodi (ubao mkuu wa mashine) kando ya matundu ya SATA, kwa sababu hayalingani. Chipseti ya Q77, chipu inayoyaongoza matundu hayo kwenye 7010, kwa mfano, ina njia mbili za gigabiti 6 kwa sekunde. Zilizobaki ni za gigabiti 3. Rangi zisikudanganye, kila kampuni ina zake. Ukishachomeka, fungua CrystalDiskInfo, programu ya kukagua diski: ikiandika SATA/300 kisha SATA/600, ujue SSD inaweza zaidi ya ilichopewa, basi hamisha kebo.

Na kama lipo tundu la polepole tu? Weka vivyo hivyo. Kinachoichosha hadidiski ni kichwa chake kurukaruka kutafuta vipande vidogo vya faili, na kila mruko unakula milisekunde kadhaa. SSD haina kichwa cha kurusha. Mteja ataona tofauti hata kwenye gigabiti 3.

Angalia pia umeme. Kwenye makasha membamba, kebo inayolisha DVD mara nyingi ina kichwa kidogo cha pini 6, na SSD inataka cha pini 15. Nimewaona vijana wakikilazimisha. Nunua kigawanyo cha kebo ya umeme siku hiyohiyo unaponunua SSD. Fremu ya kuishikilia ikikosekana, gundi ya pande mbili inatosha. Ndani hakuna kinachozunguka.

Mashine za kizazi cha sita na kuendelea huenda zikawa na tundu la M.2, na hapo mtego ni mwingine: SSD inaingia, inakaa vizuri, na haisomeki. Kuna matundu ya M.2 yanayokubali SATA tu, mengine NVMe tu. Tafuta kijitabu cha modeli hiyo, usiamini kwamba kwa kuwa imeingia basi imekubaliwa.

Ukubwa? Saiba inatosheka na gigabaiti 256, hadidiski ya zamani ikibaki kuhifadhi faili. Lakini nakili kwanza kazi za watu, maana fomu za KRA (mamlaka ya kodi) za wateja zikipotea hutaeleweka. Ukiuziwa terabaiti 2 kwa bei ya gigabaiti 256, ijaze yote kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa diski, kabla hujampa mteja. Za bandia hujitangaza kubwa, kisha zinaanza kufuta zilichoandika.

Tena mwambie mapema: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali rasmi Core i5 ya kizazi cha tatu, hata uiwekee SSD ya dhahabu. Mama wa saiba nilimwekea Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows. Alinuna siku mbili kwa sababu ya sura yake mpya, siku ya tatu akaniletea mashine ya pili.