Photoshop ikianza vitimbi, usifute mipangilio: ibadilishe jina

Yakhe, umesema Photoshop 2024 yako ya Windows imeleta vitimbi: brashi haichori, picha za harusi zikikatwa zatoka vijipicha, paneli hazionekani, nawe wataka kuiondoa uiweke upya. Ngoja kwanza. Wakati wa kuiondoa huulizwa kama ubakishe mipangilio. Ukikubali, ugonjwa unabaki mlemle.

Anza na madogo. Bonyeza Ctrl+D, kwani sehemu iliyochaguliwa ikasahaulika huzuia brashi kuchora nje yake. Vijipicha navyo nadhani navijua: asubuhi ulikata za pasipoti, mm 35 kwa 45, pikseli 300 kwa inchi. Kifaa cha kukatia hukumbuka vipimo hivyo, basi hata picha ya bibi harusi inatoka pikseli 413 kwa 531. Bofya «Clear» pale juu. Kifaa kingine chochote kikikaidi, bofya ikoni yake mwanzo wa mstari wa juu kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague «Reset Tool».

Bado? Hapo shuku faili la mipangilio. Programu huliandika kila unapoifunga, na huku kwetu Mombasa umeme ukikatika wakati huo, kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) yaweza kuliacha limeharibika.

Funga Photoshop kabisa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %appdata%, kisha Enter. Ingia Adobe, halafu Adobe Photoshop 2024, utaona folda Adobe Photoshop 2024 Settings. Iongezee «-zamani» mwisho wa jina. Fungua programu; itajitengenezea folda mpya.

Ikipona, ifunge tena ndipo unakili kutoka folda ya zamani: Actions Palette.psp ya akshoni zako (hatua ulizorekodi ili programu izirudie yenyewe), Brushes.psp ya brashi. Moja moja, ukijaribu kila mara. Ukinakili programu ikiwa wazi, ikifungwa itaandika yake juu ya mafaili uliyonakili, kazi bure. Lenye jina linaloishia Prefs.psp liache huko huko, ndilo mshukiwa.

Wengi watakwambia ushikilie Ctrl+Alt+Shift mara tu unapoifungua. Inafanya kazi, ila ukichelewa kidogo hakuna kitu, na ukishakubali kufuta huna pa kurudi. Akshoni usizohifadhi huenda zikapotea.

Isipopona, funga programu, futa ile folda mpya, irudishie ya zamani jina lake, na uangalie draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya picha.