Ukihamia injini ya katikati, mguu wa zamani usije nao

Mara nyingi nimekaa na dereva au fundi aliyekulia kwenye magari ya mbio ya injini ya nyuma, na sasa amekabidhiwa gari la injini ya katikati. Swali lao la kwanza huwa ni moja: tutaokoa muda kiasi gani kwa kila mzunguko wa uwanja? Jibu langu huwaudhi. Wiki za mwanzo mtapoteza, na anayepoteza zaidi ni yule aliyekuwa hodari kwenye gari la zamani.

Kwanza tuelewane maneno. Injini ya nyuma ni ile inayoning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, kama kwenye Porsche 911. Injini ya katikati hukaa mbele ya ekseli hiyo, mgongoni kwa dereva. Kwa aliye jukwaani, magari hayo mawili yanaweza kufanana kabisa. Mfano mzuri ni 911 RSR, 911 ya mbio, ya msimu wa 2017: Porsche waligeuza mpangilio, injini ikaja mbele ya ekseli, giaboksi ikaenda mkiani. Ilianza mbio Daytona Januari 2017, na mwaka 2018 ikashinda daraja lake kwenye saa 24 za Le Mans.

Wengi hudhani ilikuwa habari ya kusawazisha uzito tu. Hiyo ni nusu ya hadithi. Injini bapa ya silinda sita ikikaa mkiani inaziba pale pale ambapo ungependa hewa ya chini ya gari itoke. Ukiiondoa unapata nafasi ya difyuza kubwa, yaani ile sakafu ya mkiani inayopinda kwenda juu, na difyuza ndiyo inayoligandamiza gari barabarani bila kulipia gharama ya bawa kubwa. Ndiyo maana toleo la 2019 la RSR lilihamishia hata mabomba ya moshi ubavuni, mbele ya magurudumu ya nyuma. Na kwenye 911 GT3 R ya 2023, gari jingine la mbio ambalo injini yake imebaki nyuma, waliinamisha injini mbele kwa nyuzi 5.5 ili hewa ipate pa kupita. Ukiona watu wanahangaikia nyuzi tano na nusu, jua hapo pana kitu.

Historia sitaikalia. Magari maalumu ya mbio za masafa marefu yalishaamua zamani: Ferrari 250 P ilishinda Le Mans mwaka 1963 ikiwa na injini katikati. Lakini msije mkadharau injini ya nyuma. 911 GT3 R ilishinda saa 24 za Spa mwaka 2019 na 2020, na saa 24 za Nürburgring mwaka 2021. Anayekwambia gari lile ni kosa la kihandisi hajawahi kuliona likitoka kwenye kona ya polepole wakati wa mvua.

Sasa chukua nyundo. Ishike mwisho wa mpini, kisha zungusha kiganja kushoto na kulia haraka haraka. Inakataa kuanza, na ikishaanza inakataa kusimama. Halafu ishike karibu na kichwa, ufanye vile vile. Mara hii inakutii papo hapo. Uzito ni ule ule, kilichobadilika ni umbali wake kutoka pale unapozungukia. Mimi huwapa nyundo hata madereva wenye vikombe kabatini, maana wakishaihisi mkononi sihitaji kuchora ubaoni.

Kwenye injini ya nyuma, pua ni nyepesi. Dereva anajifunza kuingia na breki kidogo ndani ya kona ili uzito uje mbele, anaisubiri pua ikubali, kisha anakanyaga mafuta mapema kwa sababu matairi ya nyuma yamekaliwa na injini. Akiachia mafuta ghafla katikati ya kona, mkia unatoka, ila unatoka kwa mwendo unaoufahamu kiunoni. Unapata muda wa kusema moyoni "haya, umeanza," na mikono ikafanya kazi yake.

Gari la injini ya katikati halikupi muda huo. Linageuka mara moja, na likiamua kuzunguka, mkia ukaja mbele, linazunguka mara moja vile vile.

Kuna dereva nisiyemsahau. Siku ya majaribio, lami ikiwa na unyevu, gari lilimzungukia mara tatu kwenye kona ile ile ndefu ya kulia. Akasema matairi ya baridi. Mimi nami nikafanya kosa: badala ya kutazama data, nikaamuru springi za nyuma zibadilishwe. Mafundi wakalala chini ya gari saa nzima, likatoka, likazunguka tena. Ndipo nikafungua grafu kwenye kompyuta. Mstari wa usukani ulikuwa umeshapanda karibu hadi juu, na mstari wa breki chini yake bado haujafika sifuri. Nikaweka kidole pale. Akautazama kimya, kisha akasema, "Lakini ndivyo ninavyoendesha siku zote." Ndivyo hasa. Breki ile aliyokuwa akiishikilia ili kuibembeleza pua kwenye gari la zamani, hapa ilikuwa inaunyanyua mkia wa gari ambalo pua yake haihitaji kubembelezwa. Alipoanza kuiachia mapema kidogo na kuingia na mwendo zaidi, kuzunguka kukaisha. Springi tulizirudisha zile zile za asubuhi. Mafundi hawakuniambia neno, ila macho yao niliyaona.

Kwa hiyo dereva mgeni: usitafute muda pale ulipozoea kuupata. Kutoka konani hutaweza kukanyaga mafuta mapema kama zamani, magurudumu yatateleza bure. Muda uko kwenye kuingia, kwenye kona za kasi, na pale kona mbili zinapofuatana kushoto na kulia. Na ukihisi mkia unaanza, umeshachelewa kidogo. Macho yaende mbali zaidi, mikono iwe mipole.

Mafundi, kwenu nina machache. Kimo cha gari kutoka chini sasa ni jambo la milimita, kwa sababu ya hiyo difyuza. Kipimeni kila gari linaporudi, msikisie. Ukigongwa nyuma, usiangalie bampa tu. Lala chini uangalie difyuza na giaboksi, ndivyo vilivyo jirani na pigo siku hizi. Plagi na vitu vingine vya mbele ya injini vimebanwa na ukuta wa chumba cha dereva, basi kazi uliyoimaliza kabla chai haijapoa itakula mchana mzima. Fanyeni mazoezi kabla ya wikendi ya mbio. Na mwulizeni dereva kuhusu joto: injini iko mgongoni kwake, na atakwambia "niko sawa" hadi pale mizunguko yake itakapoanza kulegea.

Kuhusu matairi, kwenye injini ya nyuma tulizoea ya nyuma yafe kwanza, ndiyo tuliyoyapapasa kila gari lilipoingia. Hapa anza na ya mbele, yanafanya kazi kubwa kuliko ulivyozoea.

Kama ratiba ya timu inakurusha kati ya magari yote mawili, wengi huogopa kwenda mbele na hawaogopi kurudi. Dereva wangu yule alirudi kwenye gari la injini ya nyuma baada ya miezi michache, akaingia kona ya kwanza na breki ameshaiachia, pua ikaenda moja kwa moja hadi kwenye changarawe. Alipotoka ndani ya gari alikuwa anacheka. "Hii nimeipata kwako," akaniambia.