Uhakiki ulivyonirudisha kwenye kitabu nilichokitupa

Mkuu, umeuliza kama mtu asiyesomea fasihi anaweza kufaidika na maandishi ya uhakiki, au yatamharibia tu utamu wa riwaya zake za fantasia. Mimi sikusomea fasihi, kwa hiyo pokea haya kama ya msomaji mwenzako.

Mfululizo wa Earthsea wa Ursula K. Le Guin nilivimeza vitabu vitatu vya mwanzo (1968, 1971, 1972). Cha nne, Tehanu, kilichotoka 1990, kikanikwama kooni. Ged, aliyekuwa mkuu wa waganga wote, karudi hana hata chembe ya uwezo. Kurasa nyingi ni za Tenar, yule binti wa kitabu cha pili, sasa mjane wa shambani anayelea mtoto aliyeunguzwa moto. Nikasema mwandishi kachoka, nikakitupa pembeni.

Baadaye sana nikapata Earthsea Revisioned, hotuba aliyoitoa Oxford mwaka 1992. Ni fupi, jioni moja inatosha. Anaeleza kwamba hadithi za mashujaa alizozirithi zilikuwa za wanaume, naye alizifuata. Katika Tehanu aliitazama dunia ile ile kwa macho ya mwanamke.

Nikarudi kitabu cha kwanza, sura ya kwanza kabisa. Pale wapo watu wa Gont, kisiwa alikozaliwa Ged, na misemo yao miwili: dhaifu kama uchawi wa mwanamke, na mwovu kama uchawi wa mwanamke. Nilishaipita mara mbili bila kuiona! Na neno la kwanza la uchawi Ged analipata kwa nani? Kwa dada wa marehemu mama yake, mchawi wa kijiji, alipomsikia akimwita mbuzi. Yule mama anamfundisha mengi, kisha hadithi inampita, na Roke, shule ya uchawi anakokwenda Ged, ni ya wavulana tu. (Ona hata mimi: Ged nimemwita mganga, yule mama nimemwita mchawi, wala sikufikiri.) Tehanu nilikianza upya usiku uleule.

Kwa hiyo ushauri wangu: anza na insha za waandishi wenyewe, nadharia nzito zisubiri. Insha ya Le Guin ya 1973, From Elfland to Poughkeepsie, ina jaribio zuri. Anachukua mazungumzo ya riwaya moja ya fantasia, anabadili majina na maneno machache, na ghafla ni wanasiasa wa leo wanaongea. Lifanye kwenye ukurasa wowote wa mfululizo wako uone kinachobaki.

Ukizoea, mjaribu mhakiki Farah Mendlesohn, kitabu chake Rhetorics of Fantasy (2008). Anauliza maajabu yanaingiaje: mhusika anavuka mlango kuyafuata, yanamvamia kwake, au tunamkuta tayari anaishi ndani yake? Aina yake ya nne bado inanitoa jasho.

Ila maliza mfululizo kwanza. Wahakiki wanataja nani anakufa kama wanataja hali ya hewa. Unasoma upi, kwani?