Mofa ya bibi yangu niipeleke mtandao gani?

SWALI

Assalaam aleykum, Shangazi. Naandika kutoka Wete, Pemba. Mwaka jana nilifungua blogu kwenye Blogger, naandika mapishi ya kwetu kama bibi yangu alivyonifunza: mkate wa mofa, pweza wa nazi, tambi za kukaanga, halua, na kila chakula na hadithi yake, nani alikuwa akikipika na siku gani. Nimeshafika makala 34. Wanaosoma hawapiti 20, na nusu yao ni ndugu zangu. Mdogo wangu ananambia nijiunge na Facebook, Instagram, TikTok, YouTube, Telegram na X, halafu niimwage linki katika kila kundi la WhatsApp. Nina simu moja, bando la wiki na watoto wawili. Ninaotaka wanisome khaswa ni Wapemba walioko Maskat, Dar, Mombasa na Uingereza, wanaotamani chakula cha kwao. Nianzie wapi?

Msomaji wako, Wete

JIBU

Waaleykum salaam, mwanangu. Jibu umelitia mwenyewe chini ya barua, pale ulipowataja Wapemba wa Maskat. Mdogo wako amehesabu mitandao, wewe umehesabu watu. Shika hesabu yako. Mwenye simu moja na watoto wawili hawezi kulisha mitandao saba, na ukurasa usiotiwa kitu wiki tatu hukaa kama duka lililofungwa, anayepita harudi tena. Chagua miwili. Ukishaizoea, labda mwakani, ndipo uulize wa tatu.

Kabla ya hiyo miwili nataka nikusimulie yaliyonipata, kwa sababu wewe umeanza vizuri kuliko nilivyoanza mimi na sitaki uharibu.

Mwaka 2012 nilianza kuandika juu ya majina ya kanga. Nilizitoa kashani kanga za marehemu mama, moja moja, nikazitandika juu ya samadari na kuzipiga picha, kisha nikaeleza jina lake, nani alimpa nani, na ugomvi au mapenzi gani yalikuwa nyuma yake. Blogu sikuwa nayo. Nikiandika moja kwa moja kwenye ukurasa wangu katika mtandao mmoja mkubwa. Baada ya miaka minne ikaja meseji kama imetoka kwa mtu ninayemjua, ananiomba tarakimu zilizoingia kwenye simu yangu. Nikampa. Kufika Isha ukurasa si wangu tena. Niliwaandikia wenye mtandao mara kumi na moja, sikupata jawabu. Zaidi ya makala 200 zilipotea, na baadhi ya picha zilikuwa za kanga tulizokwisha kuzigawa kwa ndugu. Hazikusanyiki tena. Bado inaniuma.

Basi mapishi ya bibi yako yaandike kamili kwenye blogu, na huko mitandaoni peleka kionjo tu chenye linki ya kumrudisha mtu kwako. Leo hii washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani kufuli ya pili juu ya ile ya kwanza, kwenye akaunti yako ya Google, ambayo ndiyo unayoingilia Blogger, na kwenye WhatsApp. Tarakimu zinazoingia kwa meseji usimpe mtu yeyote, hata akijiita kaka yako. Kisha ndani ya mipangilio ya Blogger pana sehemu ya kupakua nakala ya blogu nzima. Ipakue kila mwezi, umpe na mdogo wako akuwekee. Hiyo ni kazi yenye faida kuliko kufungua TikTok.

Sasa mitandao yenyewe. Wa kwanza wako ni WhatsApp, maana ndiko walikokaa watu wako. Mpemba wa Maskat yumo katika kundi la ukoo, la wale aliosoma nao skuli, la kijiji chake. Lakini usiimwage linki ovyo kama alivyosema mdogo wako. Linki tupu mtu huipita kama karatasi iliyoanguka njiani. Na pana jengine ambalo wanaume hawalifikirii: kundi la WhatsApp linaweza kuwa na watu 1,024, na kila mmoja anaiona namba yako. Mwanamke anayeandika peke yake ataanza kupokea simu za usiku kutoka kwa asiowajua. Fungua chaneli, yaani ukumbi wa kutangazia ndani ya WhatsApp, wewe unaandika na watu wanakufuata. Chaneli zilienea duniani Septemba 2023, na ndani yake wanaokufuata hawaioni namba yako, wala wao hawaonani namba zao. Kasoro yake ni kuwa WhatsApp wenyewe walieleza walipoizindua kwamba historia ya chaneli huhifadhiwa kwenye seva zao kwa siku 30 tu. Kwa hivyo tumia chaneli kuitia watu, na makala yakae kwenye blogu.

Kwenye makundi ya ukoo ambayo umo tayari, tuma mara moja kwa wiki, basi. Tanguliza maneno mawili matatu yenye roho: "Leo nimeandika mofa ya Bi Mkubwa, ile ya unga wa mtama. Nani anakumbuka harufu ya jiko lake?" Bibi akiwa hai na yuko radhi, mrikodi sauti nusu dakika akieleza unga unakandwa vipi, uitume pamoja na linki. Sauti ya mzee wa Kipemba ikimfikia mtu kwenye gari barabara ya Maskat, huyo hatolala bila kusoma. Stetasi nayo weka, ila ujue hufutika baada ya saa 24.

Siku pia ina kazi yake. Mapumziko ya wiki Omani ni Ijumaa na Jumamosi, na saa zao zimetangulia zetu kwa saa moja. Tuma Alhamisi saa mbili usiku. Akisoma usiku huo, Ijumaa anatafuta unga wa mtama na kupika. Ukituma Jumatatu asubuhi, mtu yuko kazini, atasema nitasoma baadaye, na hatosoma. Mapishi ya futari yatayarishe mapema, uanze kuyatoa Shaaban, kabla watu hawajashughulika.

Wa pili ni Facebook, kwa sababu moja tu: makundi ya Wazanzibari walioko nje. Ukurasa wako peke yake utakwenda polepole, na mimi nimeona kuwa andiko lenye linki halifiki mbali kama picha. Kwa hiyo weka picha na maneno, linki uitie kwenye maoni ya kwanza. Muombe ruhusa admini wa kundi kabla, na uwe unajibu maswali ya wengine hata siku ambazo huna makala. Anayefika kundini kutangaza tu huchokwa upesi.

Utaniambia WhatsApp na Facebook ni za kampuni moja. Ni kweli, na Instagram ni yao pia. Tarehe 4 Oktoba 2021 zote tatu zilizimika pamoja kwa takriban saa sita. Ndiyo maana nakusisitiza nakala ya blogu, na pia daftari la majina na namba za wasomaji wako wa karibu, walioridhia.

Zilizobaki nitazipita haraka. Instagram nzuri kwa picha za chakula, ila linki ndani ya maelezo ya picha haibonyezeki, lazima mtu aende kwenye wasifu wako. TikTok na YouTube zinataka video, na video inataka bando na mikono miwili ambayo wewe unakandia unga. Mtandao wa X ulifungwa hapa nchini Mei 2025, na waliokuwa wamekusanya wasomaji wao wote huko walihangaika. Pinterest mdogo wako hakuutaja, lakini ndio ambao ningekuchagulia ukitaka wa tatu: picha ya chakula ikibonyezwa humpeleka mtu kwenye blogu yako.

Mwisho, vichwa vyako. Makala uliyoiita "Kumbukumbu za jikoni" haiwezi kupatikana Google, kwa sababu hakuna anayetafuta maneno hayo. Iite "Jinsi ya kupika mkate wa mofa wa Pemba". Kumbukumbu zitie ndani.

SWALI

Shangazi, natunga mashairi na kuyaweka kwenye blogu. Watu huyanakili wakayatuma WhatsApp bila jina langu wala linki. Nifanyeje?

Mtunzi, Mkoani

JIBU

Watunzi wa tenzi za zamani walijitaja wenyewe katika beti za mwisho. Fanya hivyo. Jina likiwa ndani ya mizani na kina, anayelikata ataliharibu shairi na wasikilizaji watajua. Linki hukatwa kwa kidole kimoja, ubeti wenye jina haukatiki hivyo. Zaidi ya hapo, Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu 2003, na COSOZA ndiyo jumuiya inayoshughulikia haki hizo. Wapelekee tungo zako uzisajili, ukichukua na nakala zilizochapishwa zenye tarehe. Na katika beti zako mbili ulizonitumia, mshororo wa tatu wa ubeti wa kwanza una mizani moja pungufu. Utazame kabla hujakwenda.