Una fungu, huna pembe: yaliyotukuta kwenye shamba la urithi

Jumamosi moja mwaka 2022 nilishuka daladala barabara ya Pangani, upande wa Tongoni, Tanga, nikakuta minazi mitatu ya marehemu baba imelala chini. Pembeni lundo la mawe, mchanga tripu moja, na vijana wawili wanavuta kamba ya msingi. Nikawauliza nani kawatuma. Wakanijibu kwa adabu kabisa, "Mwenye kiwanja, mama." Mwenye kiwanja! Mimi nalijua lile kuwa shamba la minazi la ekari tatu, na mwenyewe kazikwa hatua chache tu kutoka waliposimama.

Aliyeuza ni kaka yangu. Karatasi alikuwa nayo: mashahidi wawili, muhuri wa mtaa, vipimo vya hatua za miguu. Nilipompigia simu hakukana wala hakupandisha sauti. "Nimeuza changu," akasema. "Chenu kipo, sijakigusa."

Neno hilo nimelisikia tangu hapo kwa watu wengi, Pangani, Muheza, hata Ngamiani kwenye nyumba za urithi zenye vyumba sita. Na anayelisema mara nyingi si mwizi. Ni mtu anayeamini kweli kuwa ana chake.

Baba alifariki mwaka 2013. Aliacha mama, watoto wa kiume wawili na wa kike wawili. Kwa mirathi ya Kiislamu hesabu yetu inatoka mafungu 48: mama thumni yake, yaani moja ya nane, ambayo ni 6, kila mwanamume 14, kila mwanamke 7. Kwa hiyo kaka alikuwa na 14 zake na hakuna aliyembishia. Alichokosa ni haki ya kunyoosha kidole na kusema 14 hizo zipo hapa mbele, barabarani. Mpaka mgawanyo upite, mafungu yametapakaa shamba zima. Kila mnazi una sisi watano ndani yake, ule wa barabarani na ule wa bondeni unaosimama majini kila masika. Na sote tunajua ni upi dalali anauulizia, hasa tangu barabara ya Pangani ianze kujengwa kwa lami.

Sheria nayo haiko mbali na hapo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 159, inatambua aina mbili za kumiliki pamoja. Iko ya mafungu, ambayo kila mmoja ana sehemu yake isiyokatwa bado, na akifa sehemu hiyo inaingia kwenye mirathi yake. Mwenye fungu hawezi kulipeleka kwa mtu wa nje bila wenzake wote kuridhia kwa maandishi, nao wenzake hawaruhusiwi kukataa kwa ukaidi tu. Aina ya pili haina mafungu: akifa mmoja, aliyebaki anachukua vyote. Hiyo ndiyo huwa ya mume na mke, kwa hiyo mkiandikishana kiwanja ulizeni mapema mnaandikwa vipi. Shoga yangu mmoja aligundua tofauti hiyo akiwa eda.

Sasa niseme na langu, maana kusimulia ya kaka peke yake ni rahisi. Miaka tisa ile aliyekuwa akila shamba ni mimi. Nilikuwa nikimleta mkwezi kila baada ya miezi mitatu, namlipa, nazi napakia kwenye bajaji hadi kwa mnunuzi mjini. Makuti nilimuuzia jirani wa kuezeka. Mama nilimpelekea chochote kila mara, wadogo zangu wakija sikukuu walibeba madafu. Hesabu? Sikuandika hata siku moja. Kaka alipouliza kwenye kikao, mbele ya ami na wazee, "Nazi za miaka tisa ni shilingi ngapi?", nilibaki kuchezea ncha ya kanga. Ningekuwa na daftari la shilingi elfu moja na mia tano, kikao kile kingekwisha kabla ya adhuhuri.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu mahakama. Anayesimamia shamba la wengi aandike: tarehe, nazi ngapi, mkwezi kalipwa kiasi gani, kilichobaki kimekwenda kwa nani. Aandike hata kama hakuna anayeuliza. Na asipande mti wa kudumu bila kukubaliana. Mdogo wangu wa kiume alipanda mikorosho ishirini pale nyuma kwa nia njema kabisa, na siku ya kugawa ikatuchukua wiki mbili kuamua mikorosho ni yake au ni ya ardhi. Huku kwetu pwani mnajua, mnazi unaweza kuwa na mwenyewe na udongo ukawa na mwenyewe mwingine. Tuliishia kumhesabia kwenye eneo lake. Wengine wameishia kukatana mapanga.

Kosa letu kubwa lilikuwa kukaa bila msimamizi wa mirathi. Tuliona aibu kwenda mahakamani baba akiwa bado wa moto kaburini, kisha mwaka ukapita, ikawa mazoea. Si jambo gumu. Mnakaa kikao cha familia, mnaandika muhtasari, mnachukua cheti cha kifo, mnafungua shauri Mahakama ya Mwanzo. Sisi tulimteua ami, kwa sababu hana fungu. Msimamizi anatakiwa kupeleka orodha ya mali ndani ya miezi minne, fomu namba 5, halafu hesabu ya mgawanyo, fomu namba 6. Wengi wanachukua barua ya usimamizi wanaikalia kama hati ya shamba. Msimamizi si mmiliki. Akichelewa, mrithi yeyote ana haki ya kurudi mahakamani kuuliza. Na msilale sana: dai la ardhi lina ukomo wa miaka 12.

Tulipitia pia Baraza la Kata. Watu bado wanalikimbilia wakidhani litatoa hukumu, lakini tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa, au siku 30 zikapita, ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sisi hatukufika huko, na nashukuru, kwani najua familia zilizoingia vijana zikatoka wazee.

Tulimalizana hivi. Mnunuzi, mama mfanyabiashara ambaye naye alikuwa kaliwa, alisimamisha ujenzi. Tukaleta mpima. Tukakubaliana kwamba nusu ekari ya barabarani thamani yake inakaribia ekari nzima ya bondeni, kwa hiyo mafungu 14 ya kaka yakaishia palepale alipouza, asidai tena ndani. Sote tukaweka saini, mnunuzi akabaki na kiwanja chake, minazi mitatu tukaisamehe. Kaka aliona amepunjwa. Mimi niliona amepata zaidi. Pengine ndiyo maana iliwezekana.

Kama eneo lenu ni dogo na halikatiki, mfano nyumba, msilazimishe ukuta katikati ya ukumbi. Mmoja awanunue wenzake kwa bei ya mthamini, au iuzwe mgawane fedha. Mkishindana, sheria inaruhusu kuomba amri ya kuuza.

Mwisho, vitu viwili ambavyo karibu tuvisahau: kisima na njia. Kisima kimeangukia upande wangu, na fungu la mama halina njia ya kufika barabarani ila kupitia kwa mdogo wangu. Mpima alikuwa ameshafunga begi lake, mama ndiye akauliza, "Na mimi nitapita wapi, nitaruka?" Akafungua tena. Njia ya hatua nne, kisima cha wote, na makaburi ya baba na babu hayakuhesabiwa kwenye fungu la mtu. Yote yameandikwa kwenye muhtasari, nakala tano.