Melanoma ya unyayo: S100, HMB-45 na BRAF kwenye majibu ya kinyama

Mkuu pole sana kwa bi mkubwa. Umeuliza vitu viwili, hizo S100, HMB-45 na Melan-A zilizoandikwa chanya kwenye majibu ya kinyama, yaani kile kipande kilichokatwa kisigino chake kikapimwe, ni nini, na kama mtafute hela ya kupima jeni ya BRAF sasa hivi. Mimi sio daktari ila nimemuuguza baba mdogo kwa ugonjwa huo huo, melanoma, hiyo saratani ya ngozi, hapa Dodoma tangu siku ya kwanza, nimeuliza maswali mpaka madaktari wakanichoka.

Baba mdogo analima zabibu Mpunguzi, maisha yake ni katambuga na jembe. Kikamtoka kidoa cheusi kwenye unyayo, yeye akasema ni mwiba umebaki ndani, basi kila jumapili akitoka kanisani anakaa chini ya mti anakiparua na wembe, kikitoa damu anapaka mafuta ya taa, kesho yake shambani. Ikaenda hivyo kama mwaka na nusu. Sehemu ya kwanza tuliyompeleka wakasema fangasi, akapewa tyubu ya kupaka.

Na hapa watu wengi wanapotea, wanajua saratani ya ngozi ni ya ndugu zetu wenye ualbino tu. Kweli wao jua linawatesa, lakini za kwao mara nyingi ni aina nyingine kabisa. Melanoma kwa sisi weusi ni nadra ila ikija inapenda unyayo, kiganja na chini ya kucha, sehemu ambazo jua halifiki sana. Bob Marley alikutwa nayo kwenye kidole cha mguu 1977, ikadhaniwa ni jeraha la mpira, 1981 akafariki ana miaka 36.

Sasa kinyama. Cha kwanza alikatwa kituo kimoja huko pembeni, wakanipa mkononi kwenye kikopo cha vidonge nikipeleke maabara mjini. Nimepanda nacho daladala nimekishika kama yai. Jamaa wa maabara akafungua kifuniko, akanusa, akafunga. Akaniuliza hii imewekwa kwenye nini, nikamwambia sijui ni dawa yao, akasema formalini, dawa ya kuzuia kinyama kisioze, ingekuwa imeshatutoa machozi hapa, hii ni maji ya dripu. Kinyama kilikuwa kimeshaanza kuoza, ikabidi mzee akatwe tena. Kwa hiyo mkuu kama kuna kipande kingine kitachukuliwa uliza mapema kama formalini ipo, iwe nyingi, kama mara kumi ya hicho kipande, na kisisahaulike humo wiki mbili tatu maana DNA inaharibika na hiyo BRAF unayoitafuta haitasomeka.

Haya, hizo herufi. Kinyama kikikaushwa kinagandishwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, halafu wanamwagia kingamwili zenye rangi ambazo kila moja inang'ang'ania protini yake. S100 na SOX10 zinakamata karibu melanoma zote, ila S100 peke yake haitoshi kwa sababu hata seli za mishipa ya fahamu zinayo. HMB-45 na Melan-A zinabagua zaidi, ni za seli zinazotengeneza weusi wa ngozi. Protini nyingine, sitokeratini, ikiwa hasi ndiyo inasaidia kuondoa zile saratani nyingine za ngozi. Kitu kilichonifurahisha, kama neno kufurahi lipo humo, ni kwamba rangi inayotumika sana ni ya kahawia na melanini, huo weusi wenyewe wa ngozi, ni kahawia, kwa hiyo kinyama cheusi kama cha mzee kinamchanganya msomaji, ikabidi warudie kwa rangi nyekundu ndipo wakawa na uhakika. Sisi huku tunalalamika majibu yamechelewa!

Kwa hiyo hizo tatu za mama kazi yake ni kutaja jina la ugonjwa, basi. Hazikwambii umefika wapi.

BRAF ni habari nyingine. Hiyo ni jeni inayoiambia seli igawanyike, ikiharibika inakuwa kama pikipiki akseleta imekwama. Melanoma za ngozi za wazungu karibu nusu wanayo hiyo hitilafu, za unyayo ni wachache zaidi, na wengine wachache shida yao ipo kwenye jeni nyingine inayoitwa KIT. Dawa za kuzuia BRAF kama vemurafenib, iliyopitishwa Marekani 2011, ukimpa asiye na hitilafu hazimsaidii na zinaweza hata kuuchochea ugonjwa, ndiyo maana lazima upime kwanza. Zile za kuamsha kinga kama pembrolizumab hazisubiri BRAF, ingawa za unyayo huwa haziitikii vizuri kama za wazungu, na bei yake mkuu ni ya kuuza shamba.

Ndiyo maana nakwambia usikimbilie hela ya BRAF leo. Angalia kwenye hiyo karatasi kama wameandika unene kwa milimita, wanauita Breslow, na kama kulikuwa na kidonda juu yake. Chini ya milimita 1 na zaidi ya milimita 4 ni magonjwa mawili tofauti. Cha baba mdogo kilizidi 4, na ule wembe wake wa jumapili ulikuwa umeshaondoa sehemu ya juu kwa hiyo hata hiyo namba ni ya pungufu. Halafu mshike mama kwenye kinena, mtoki upo? Wa mzee ulikuwepo, mgumu, hauumi, hakuna aliyeugusa mpaka tulipofika kwa daktari wa upasuaji. Ugonjwa ukiwa umefika kwenye mtoki au mbali zaidi ndipo BRAF na KIT zinakuwa na kazi ya kukuchagulia dawa. Kama haujafika, hela yote iende kwenye upasuaji wa kukata pana.

Na kuna jamaa atakuja kukuuzia kipimo cha damu cha kugundua, sisi alitufuata mpaka wodini. Usimpe hela. LDH, kipimo kimoja cha damu, inapimwa ndiyo, ila ni kwa ambaye ugonjwa umeshasambaa, kujua uzito wa hali, sio kugundua.

Cha mwisho, bloku la nta, yaani kile kinyama kilichogandishwa, mnaweza kulihitaji tena. Piga picha namba yake kwenye ripoti, maana sisi tulipohitaji KIT miezi sita baadaye tulipekua siku mbili nzima kutafuta karatasi, kumbe mama mdogo alikuwa amefungia risiti za zabibu.